Thomas Cook alianza na mtambo wa kupiga chapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya utalii. Katika makala yake ya mwisho wa wiki amempa Thomas Cook, mwasisi wa biashara ya safari za pamoja, sentensi mbili tu: kwamba alikuwa tajiri wa London aliyegundua namna ya kuchuma kwa kuuza tiketi, na kwamba kazi yake ilizikwa siku kampuni ya safari yenye jina lake ilipoanguka mwaka 2019. Ninaishi Leicester, mji alioishi Cook na ambamo amezikwa, na kazi iliyonilisha mimi ndiyo ile ile iliyomlisha yeye miaka mingi kabla jina lake halijavuka mipaka ya wilaya. Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Siwezi kuziacha sentensi hizo zipite hivi hivi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Treni hazikuwa zake. Reli zilikuwa za makampuni, na matajiri waliokuwa na uwezo wa kukodi garimoshi kwa siku moja walikuwa wengi kumzidi. Alichokuwa nacho yeye ni mtambo wa kuchapa, karatasi, wino na kalamu isiyochoka. Kabla hajamwuzia mtu tiketi, alikuwa amekwisha kumwandikia habari za kule anakokwenda. Ukimwondolea maandishi yake, anabaki dalali wa kawaida wa stesheni.

Kwanza hilo la London. Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1808 katika mji mdogo wa Melbourne, jimbo la Derbyshire. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi, akaenda kufanya kazi kwenye bustani ya mboga kwa ujira wa peni sita kwa wiki. Alipofika miaka 14 akawekwa kwa mjomba wake, John Pegg, kujifunza useremala na kukereza mbao. Baadaye akaingia kazini Loughborough kwa mpiga chapa mmoja, Joseph Winks, aliyekuwa akitoa vitabu vya Wabaptisti. Hapo ndipo alipoonja kazi yetu, na wanaoifahamu kazi hiyo wanajua kwamba wino ukishaingia kwenye kucha hautoki.

Mwaka 1828 kanisa lake lilimfanya mhubiri wa vijijini. Hesabu ya mwendo wake aliiweka mwenyewe: mwaka 1829 alisafiri maili 2,692, na katika hizo maili 2,106 alikwenda kwa miguu. Ningependa wasomaji wako waitazame hesabu hiyo vizuri. Kijana wa miaka 20, mkononi ana vijitabu vya dini, anatoka kijiji hadi kijiji katika mvua ya majimbo ya Rutland na Northamptonshire, na jioni anaketi kuandika amekwenda maili ngapi na kwa njia gani. Tabia ya msafiri na tabia ya mwandishi zilikutana hapo, biashara haijafikiriwa bado.

Fedha za kumlipa mhubiri zilipopungua, akarudi kwenye mbao. Tarehe 2 Machi 1833 alimwoa Marianne Mason, binti wa Barrowden, Rutland, wakakaa Market Harborough, mji wa soko ulioko kusini mwa Leicester. Alikereza miguu ya viti, akahubiri, na akaingia kwa moyo wote katika harakati za kuacha pombe. Leo tukisikia habari za vyama vile vya kupinga ulevi tunawaona ni watu wakali waliochukia starehe za wenzao. Enzi ya Malkia Victoria mambo yalikuwa magumu. Mshahara wa mfanyakazi ungeweza kuishia baa Jumamosi usiku, na nyumbani watoto walale na njaa. Cook aliyaona hayo kwa macho. Akaanza kuchapa: mwaka 1840 alikwisha kuanzisha jarida la watoto kuhusu kuacha pombe. Naomba mlione hilo, Mhariri. Mwaka mmoja kamili kabla ya safari iliyompa umaarufu, alikuwa mchapishaji.

Safari yenyewe inajulikana, kwa hiyo nitaipitia haraka. Tarehe 9 Juni 1841 alitoka Market Harborough kwa miguu, mwendo wa maili kama 15, kwenda kwenye mkutano wa kupinga pombe Leicester. Njiani wazo likamjia: kwa nini reli hizi mpya zisitumike kuwapeleka watu wa kawaida kwenye mikutano, wakapata na hewa safi? Alizungumza na katibu wa reli ya Midland Counties, wakakubaliana, na tarehe 5 Julai watu wapatao 500 walipanda garimoshi kutoka stesheni ya Campbell Street, Leicester, hadi Loughborough na kurudi, kila mmoja akilipa shilingi moja. Mabehewa mengi hayakuwa na paa. Kulikuwa na bendi ya muziki, michezo, chai na hotuba.

Waandishi wengi huishia hapo, kisha wakaruka moja kwa moja hadi Misri na meli za mto Nile. Mimi kinachonivutia zaidi ni miaka minne iliyofuata. Mwaka ule ule wa 1841 alihamia Leicester na kufungua duka la vitabu pamoja na kazi ya kupiga chapa. Kwa miaka hiyo safari alizoandaa zilikuwa za vyama vya kuacha pombe na watoto wa shule za Jumapili, wala hazikumwingizia faida. Chakula cha nyumbani kilitoka kwenye mtambo.

Kisha ikaja safari ya Liverpool, tarehe 4 Agosti 1845. Hii ndiyo ya kwanza aliyoifanya kama biashara. Abiria walitoka Leicester, Nottingham na Derby, na ilimbidi apatane na makampuni kadhaa ya reli ili mtu ashike tiketi moja badala ya kununua upya kila njia inapobadilika. Kabla ya siku hiyo alikwenda mwenyewe njia nzima, akakagua hoteli, akatazama mandhari, akauliza. Aliporudi akaandika kitabu kidogo cha mwongozo, akakipanga na kukichapa katika duka lake mwenyewe.

Niruhusu, Mhariri, nikae kidogo kwenye kitabu hicho, maana hapa ndipo mtu wa kazi yangu anapoona kitu ambacho mtaalamu wa utalii hakioni. Nilianza kazi wakati herufi za madini ya risasi zilikuwa bado zinapangwa kwa mkono. Unasimama mbele ya sanduku lenye vijumba, mkono wa kushoto umeshika kibao cha chuma, mkono wa kulia unaokota herufi moja moja, nazo zinapangwa kichwa chini, kinyume na zinavyosomwa. Neno lisilo na maana hulipangi bure, maana kila herufi ina uzito mkononi na baadaye lazima uirudishe kwenye kijumba chake. Mwandishi anayejipangia herufi zake mwenyewe hujifunza kusema jambo kwa ufupi. Ndiyo sababu ninaposoma maelekezo ya Cook ninamtambua mara moja: treni inaondoka saa ngapi, ukifika shuka wapi, daraja lile upande wa kushoto lina sifa gani, hoteli ipi haiuzi pombe, rudi stesheni wakati gani. Mahubiri yake yalikuwa marefu, lakini mwongozo wake ulikwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Lipo na la hesabu. Mfanyabiashara mwingine aliyetaka kutangaza safari ilimlazimu kumlipa mpiga chapa kwa matangazo ya ukutani, amlipe tena kwa ratiba, kwa vyeti na kwa kitabu. Cook vyote hivyo alivitoa chini ya paa moja, kwa gharama ya karatasi, wino na vibarua. Akipata wazo leo jioni, keshokutwa tangazo liko ukutani. Sijui kama mwandishi wenu amewahi kulitafakari hilo. Biashara ya safari za pamoja ingeweza kuzaliwa mikononi mwa mwenye hoteli au mwenye magari ya farasi. Ilizaliwa kwa mpiga chapa, na sababu zake ni za kazi kabisa.

Katika safari hiyo hiyo wengine walichukua meli kutoka Liverpool hadi Caernarfon, Wales, wakapanda mlima Snowdon. Cook baadaye alisimulia kwamba akiwa kule juu fikra zake ziliruka hadi milima ya Uskochi, akaamua huko ndiko atakakokwenda. Mwaka 1846 akawapeleka watu wapatao 350. Ilikuwa taabu. Hawakupata chai waliyoahidiwa njiani, mabehewa hayakuwa na vyoo, na kwenye meli kutoka Fleetwood hadi Ardrossan vyumba havikutosha, wengine wakalala sitahani huku mvua ikiwanyeshea. Glasgow iliwapokea kwa mizinga na Edinburgh kwa muziki, lakini malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka huo huo alifilisika.

Ndiyo, huyo anayeitwa tajiri alifilisika akiwa na mke na watoto wadogo. Alisimama tena taratibu, kwa njia ile ile: kupanga herufi, kuandika, kwenda kuona mwenyewe kabla ya kupeleka wengine. Aliirudia Uskochi mwaka baada ya mwaka hadi ikawa shamba lake. Alipofika kisiwa cha Iona akakuta wavuvi maskini wasio na vyombo, akawaandikia wasafiri wake na kuwachangisha, na kwa michango hiyo zikanunuliwa mashua na nyavu. Hapo ninauona ukamilifu wa mtu. Wapo waandishi wa safari, wa zamani na wa sasa, wanaopita mahali wakasifia machweo, wakaondoka. Cook aliandika habari za watu aliowakuta, na aliporudi kwao alirudi na nyavu.

Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 yalimwinua. Joseph Paxton, aliyebuni jumba la kioo yalimofanyika maonyesho hayo, alikuwa mmoja wa waliomshawishi afanye kazi ya kuwapeleka watu wa Midlands, yaani majimbo ya katikati ya Uingereza. Alipeleka zaidi ya watu 150,000. Ushindani wa makampuni ya reli ulipopamba moto nauli ilishuka hadi shilingi tano kwenda na kurudi. Wafanyakazi wa viwandani walichangia kidogo kidogo kwenye vyama vya akiba hadi nauli ikatimia, na mwanawe John Mason, kijana wa miaka 17, akazunguka mijini kuwakusanya. Lakini angalia alichofanya baba mtu: alianzisha gazeti. Likaja kujulikana kwa jina la The Excursionist, na liliendelea kutoka hadi mwaka 1939, miaka mingi baada ya yeye kufa. Ndani yake kulikuwa na ratiba na bei, kweli, lakini pia makala zake ndefu: kwa nini maskini ana haki ya kuona alichokiona bwana, kwa nini mwanamke asiye na mume anaweza kusafiri kwa heshima katika kundi, kwa nini makampuni ya reli yanakosea.

Hilo la wanawake halikuwa dogo. Mwaka 1863 alipoongoza kundi lake la kwanza Uswisi, miongoni mwa waliokwenda alikuwamo Jemima Morrell wa Yorkshire, aliyeandika shajara ya safari nzima. Wanawake wa wakati ule, wakiwa na sketi zao pana na ndefu, walipanda njia za mlimani, wakavuka barafu, wakaamka alfajiri kuona jua likichomoza, kisha wakarudi nyumbani na hadithi zao wenyewe. Bila mtu wa kuwapangia tiketi, hoteli na njia, wengi wao wangeishia kusoma habari za Uswisi zilizoandikwa na kaka zao.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1865 mwandishi Charles Lever, aliyekuwa katika utumishi wa ubalozi wa Uingereza huko Italia, aliandika katika jarida moja mashuhuri kwamba makundi ya Cook ni kama wafungwa ambao makoloni ya Australia yamekataa kuwapokea, na kwamba sasa wanamwagwa Italia. Hasira iliyokuwa ndani ya maneno hayo ilikuwa ya kitabaka. Kwa watu kama Lever, Florence na Roma vilikuwa mali ya wenye elimu ya vyuo na kipato cha urithi. Karani wa Nottingham na mwalimu wa Leicester hawakuwa na cha kutafuta huko. Cook hakunyamaza. Alijibu kwa chapa, katika gazeti lake, akitetea kwamba uzuri wa dunia aliouumba Mungu ni wa watu wote, na reli na meli ni za watu wote. Mimi mtoto wa mpagazi wa bandarini sikuhitaji kushawishiwa na mtu kwamba alikuwa na haki.

Nisimfanye malaika, hata hivyo. Alikuwa mhubiri popote alipokwenda, na mhubiri huhukumu. Hili linaonekana zaidi katika maandishi yake makubwa kuliko yote. Septemba 1872, akikaribia miaka 64, aliondoka Liverpool kwa meli ya Oceanic, akavuka Marekani kwa reli, kutoka San Francisco akaenda Yokohama, kisha Shanghai, Singapore, Ceylon (leo Sri Lanka), India na hatimaye Misri. Safari nzima ilimchukua siku 222. Njiani aliandika barua zilizochapishwa katika gazeti la The Times la London, na mwaka 1873 zikakusanywa kuwa kitabu.

Japani alivutiwa nayo mno. Visiwa na bahari yake ya ndani aliona vimekusanya uzuri wa maziwa yote ya Ulaya aliyoyajua. Shanghai hakuipenda. Aliilaumu kwa mitaa myembamba, uchafu na ombaomba, utadhani hakuwahi kupita katika vichochoro vya Leicester mwenyewe miaka ya njaa. India nayo aliitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamua kwamba dini ya mwingine ni giza. Barua hizo nimezisoma nikiwa mtu niliyetoka upande mwingine wa bahari ile ile aliyovuka, na kurasa kadhaa zinaudhi. Lakini zina faida ambayo sifa tupu haziwezi kuwa nayo: anakuambia anachoona na anachofikiri, hafichi. Unaweza kubishana naye. Vijitabu vya utalii vya leo, ambamo kila ufukwe ni peponi na kila mwenyeji anatabasamu, havikupi hata nafasi ya kubishana.

Yapo na mambo ya himaya, nayo lazima yasemwe kwa haki. Hapa mjini, katika barabara ya Gallowtree Gate, lipo jengo la kampuni lililojengwa mwaka 1894, na juu ya ukuta wake kuna picha nne za kuchongwa zinazoeleza historia ya safari zao. Moja ni garimoshi la 1841, nyingine ni Maonyesho ya 1851, nyingine ni treni ikivuka daraja la Forth, Uskochi, mwaka 1891. Ile ya 1884 inaonyesha meli ya mto Nile. Mwaka huo kampuni ilipewa kandarasi ya kuwasafirisha askari wa Uingereza waliokwenda Sudan kumwokoa Jenerali Gordon, kamanda Mwingereza aliyezingirwa Khartoum. Watu hupita chini ya picha hiyo wakiwa na mifuko ya dukani bila kuinua macho. Mimi huinua. Ilikuwa kazi ya mwanawe, John Mason, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na usukani. Thomas mwenyewe alikuwa amekwisha kusukumwa pembeni. Jina juu ya mlango, hata hivyo, lilikuwa lake.

Baba na mwana hawakupatana. John Mason alikuwa mfanyabiashara hodari kuliko baba yake, mtu wa hesabu, asiyetaka dini ichanganywe na mauzo wala fedha za kampuni ziende kwenye misaada. Mwishoni mwa miaka ya 1870 baba akaondoka kwenye uendeshaji, akajenga nyumba aliyoiita Thorncroft katika barabara ya London Road, hapa Leicester. Ndani ya nyumba hiyo, mwaka 1880, binti yake Annie alikufa bafuni kwa moshi wa mtambo mpya wa gesi wa kupashia maji. Miaka minne baadaye Marianne naye akafariki. Macho ya Thomas yakafifia hadi akawa kipofu. Mtu aliyeishi kwa kuona na kuandika alichoona, akamaliza siku zake bila macho. Hata hivyo mwaka 1888 alisafiri tena hadi Nchi Takatifu. Alifariki Thorncroft tarehe 18 Julai 1892, akazikwa katika makaburi ya Welford Road pamoja na mkewe na binti yake.

Nimemtaja Marianne mara chache, jambo ambalo halimtendei haki. Hoteli yao isiyouza pombe katika barabara ya Granby Street aliiendesha yeye. Huku mume akiwa juu ya milima ya Uskochi na baadaye Uswisi, mke ndiye aliyepokea wageni, akahesabu mashuka, akawalipa wapishi. Miaka ambayo safari zilileta hasara, mapato ya hoteli ndiyo yaliyoweka mkate mezani. Historia za kampuni humpa nafasi ndogo. Yeyote aliyewahi kukulia katika nyumba ya biashara anajua nani hasa huishikilia.

Sasa kuhusu mwaka 2019. Kampuni iliyoanguka Septemba ya mwaka huo ilikuwa na jina la Cook, basi. Wajukuu zake waliiuza mwaka 1928 kwa kampuni ya kigeni ya mabehewa ya kulala. Mwaka 1948 ikawa mali ya serikali ya Uingereza. Baadaye ikarudi mikononi mwa watu binafsi na kupita kwa wamiliki kadhaa. Kumlaumu mzee wa Market Harborough kwa madeni ya watu waliokuja karne nzima baadaye ni kumwonea. Wala kazi yake haikuzikwa. Msomaji wenu yeyote aliyewahi kununua kwa pamoja nauli, malazi na kiongozi wa njia, akiwa na karatasi mkononi inayomwambia siku ya tatu watakuwa wapi, ameguswa na mkono wa mpiga chapa yule.

Kama mwandishi wenu atakuja Leicester, atashuka stesheni ya London Road na nje atakuta sanamu ya Cook, kazi ya mchongaji James Butler, iliyowekwa mwaka 1994. Amesimama na sanduku lake, mwavuli uliokunjwa na saa ya mfukoni. Ni sanamu nzuri na sina ugomvi nayo, ila mimi ningemwongezea kitabu kidogo mkononi. Aende na Gallowtree Gate, aende na Welford Road, kisha apande treni hadi Market Harborough, ambako mtaa wa Adam and Eve alimoishi na mkewe bado upo. Akiwa na siku ya ziada afike Melbourne. Huko atakuta nyumba za wazee ambazo Cook alizijenga katika mji aliozaliwa, muda mfupi tu kabla hajafa, pamoja na ukumbi wa ibada. Fedha zile zingeweza kujenga jumba la fahari London.

Naomba basi gazeti lako lirekebishe mambo mawili katika toleo lijalo: kwamba Thomas Cook alikuwa mtu wa Melbourne, Market Harborough na Leicester, na kwamba kampuni ilitoka mikononi mwa familia yake mwaka 1928. Na ikiwa mwandishi wenu atakubali kuandika upya habari zake, ninayo tafsiri ya kurasa kadhaa za barua zake kutoka Japani, nilizozifanyia kazi baada ya kustaafu. Nitaituma bila malipo, mradi mkiichapisha msipunguze sehemu zinazoudhi.

Mpiga chapa mstaafu,
Leicester, Uingereza